Jedwali la elementi: la ukutani, la simu au la tovuti?

Kila kisanduku cha jedwali la elementi kina mambo matatu yasiyo na ubishi: namba ya atomi, alama na jina. La nne, masi ya atomi, tayari lina maneno. Ukivuka hapo ukafika kwenye densiti, kiwango cha kuyeyuka, nusukipenyo cha atomi au nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza, kila namba huja na masharti yake: imepimwa katika joto gani, presha gani, elementi ikiwa katika umbo gani, na kwa kipimo gani. Majedwali mawili yanaweza kuwa sahihi yote na bado yakakupa namba mbili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jedwali lipi ni zuri, amua kwanza unatafuta nini: nafasi ya elementi, masi ya kufanyia hesabu, au sifa ya kitu chenyewe. Mambo hayo matatu hayapatikani vizuri mahali pamoja.

Karatasi

Kwa swali la nafasi, karatasi haina mpinzani. Jicho linashuka kundi la kwanza kutoka lithiamu hadi sesiamu kwa mara moja. Kwenye simu, safu 18 hubanana hadi ulazimike kuvuta kwa vidole, na ukishavuta hulioni tena jedwali zima, ambalo ndilo ulilokuja kuliona.

Kinachoamua ni ukubwa. A4 iliyolazwa ina upana wa milimita 297. Toa pembezo ambazo printa haiwezi kuchapa, gawa kwa 18, na kila kisanduku kinabaki na milimita 15 hivi. Hapo huingia alama, namba, jina na masi. Ukilazimisha na densiti na usanifu wa elektroni (jinsi elektroni zilivyopangwa), maandishi yanakuwa mstari wa sisimizi. A3, yenye milimita 420, hutoa kama 22 kwa kisanduku na inatosha kubandikwa juu ya meza ya kusomea. Kwa darasa chukua A1: milimita 841, kisanduku kama 45. Alama yenyewe iwe na urefu usiopungua milimita 15, ndipo aliyekaa nyuma, mita 5 au 6 kutoka ukutani, ataisoma bila kukaza macho. Yapo pia majedwali marefu ya safu 32, ambayo hayatengi ile mistari miwili ya chini. Kielimu ni mazuri, lakini kwenye A4 kisanduku chake ni milimita 9. Hayo yaache kwenye kompyuta.

Mombasa karatasi ina maadui wawili, unyevu na jua. Selotepu kwenye ukuta uliopakwa chokaa huachia upesi, na karatasi isiyofunikwa hujikunja pembe. Ukipeleka kupigwa laminesheni, mwambie fundi aache ukingo wa plastiki wa milimita 3 hadi 5 kuzunguka karatasi. Akikata plastiki sawasawa na karatasi, ule mshono wa plastiki kwa plastiki unaondoka, unyevu unaingia kutoka pembeni, na baada ya muda tabaka zinaachana. Kama ukuta unapigwa na jua, chapisha kwa printa ya tona, yaani ya leza. Wino wa printa ya kawaida ya rangi hupauka mapema zaidi. Na ukichapisha kwa nyeusi na nyeupe, rangi zote za makundi zitageuka kijivu kimoja. Tafuta jedwali lenye mstari mnene wa ngazi unaoshuka kutoka boroni kuelekea astatini, ili metali na zisizo metali zitofautishwe na mstari, rangi iwepo isiwepo.

La kuchapisha ni lipi? Shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, hutoa faili lake bure, na toleo lenye tarehe 4 Mei 2022 ndilo la kutumia. Linakupa namba, alama, jina, na masi pamoja na kiasi cha shaka yake. Densiti hamna, viwango vya kuyeyuka hamna. Huo ndio uzuri wake.

Mabango yanayouzwa madukani yachunguze kabla ya kulipa. Angalia kisanduku cha 113: kinapaswa kusomeka Nh, na 115, 117 na 118 ziwe Mc, Ts na Og. Majina hayo yalipitishwa Novemba 2016. Ukiona Uut, Uup, Uus na Uuo, bango limenakiliwa kutoka toleo la zamani. Kwa kazi ya shule hilo peke yake halidhuru. Angalia basi zinki: tangu 2007 masi yake ni 65.38. Bango lenye 65.39 au 65.41 halijaguswa masi zake kwa muda mrefu, na huenda yako mengine.

Namba za makundi nazo huchanganya watu. Vitabu vya sekondari Kenya hutumia Kirumi, I hadi VIII. Mfumo wa kimataifa ni 1 hadi 18. Majedwali ya zamani yana A na B, na hapo Ulaya na Marekani hazikukubaliana: safu ya aluminiamu ni IIIA kwa Wamarekani na IIIB kwa Wazungu wa Ulaya. Nunua lenye 1 hadi 18, kisha andika Kirumi kwa kalamu juu ya safu nane za shule: 1 na 2 ni I na II, halafu 13 hadi 18 ni III hadi VIII.

Programu ya simu

Faida ya programu ni moja, ila ni kubwa: haili bando. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni kuzima data na kuifungua. Baadhi huonyesha jedwali vizuri, lakini ukigusa kisanduku zinazunguka tu, kwa sababu kurasa zenyewe ziko mtandaoni.

Ikipita hapo, ifanyie majaribio machache. Hayachukui dakika tano.

Gusa kaboni utafute kiwango cha kuyeyuka. Kwa presha ya kawaida kaboni haiyeyuki. Inageuka kutoka yabisi kwenda gesi moja kwa moja kwenye nyuzi 3,640 hivi. Programu inayoandika kiwango cha kuyeyuka bila neno lolote la maelezo imenakili bila kuelewa. Aseniki hufanya vivyo hivyo karibu na nyuzi 615, nayo ni jaribio zuri la pili.

Gusa sodiamu utafute nusukipenyo. Kikipimwa ndani ya metali ni pikomita 186. Kikikadiriwa kwa bondi ya kushirikiana elektroni ni 166. Kikichukuliwa kama umbali ambao atomi mbili zisizofungamana husogeleana, ni 227. Zote tatu ni halali, kila moja kwa swali lake. Programu ikikuandikia "nusukipenyo" bila kusema ni kipi, itumie kulinganisha sodiamu na potasiamu ndani yake yenyewe, basi. Usichukue sodiamu ya programu moja na klorini ya kitabu kingine ukachora grafu. Mwinuko utakaouona utakuwa wa tofauti ya vipimo, wala hautatoka kwenye atomi.

Mwisho gusa heliamu, neoni na agoni, uangalie elektronegativiti, yaani nguvu ya atomi kuvuta elektroni za bondi. Kwa skeli ya Pauling hazina thamani. Programu inayoandika sifuri inasema jambo la uongo, kwani sifuri ni namba na kukosekana si namba. Mwalimu anayechora grafu ya elementi za mstari wa 3 wa jedwali kwa namba hizo atapata klorini 3.16, kisha mporomoko hadi sifuri kwenye agoni, na darasa zima litaondoka na somo lisilokuwepo.

Kuhusu programu za akili bandia za kujibu maswali: zinaeleza dhana vizuri, lakini namba ya desimali tatu kutoka huko ichukuliwe kama habari ya barazani mpaka uione kwenye jedwali.

Tovuti

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watu hupotea, maana tovuti zinafanana sura na hazifanani kazi.

Ptable ndiyo ya kuona mwelekeo. Chagua sifa moja, na jedwali zima linapakwa rangi kwa sifa hiyo. Unaona kwa macho jinsi nishati ya kung'oa elektroni inavyopanda kwenda kulia na kushuka kwenda chini. Ina pia kitelezi cha joto, na kwa mtu wa Pwani hicho kina raha yake. Majedwali mengi huonyesha hali ya elementi kwenye nyuzi 20 au 25, na kwa joto hilo vimiminika ni viwili, bromini na zebaki. Sasa sogeza kitelezi hadi 305 K, yaani karibu nyuzi 32, joto la alasiri ya kaskazi mjini Mombasa. Sesiamu huyeyuka kwenye 28.4, galiamu kwenye 29.8. Zote mbili zinabadilika rangi na kuwa vimiminika. Bango linaloandika galiamu kuwa yabisi halijakosea. Limeandikwa kwa ajili ya chumba chenye baridi kuliko chako.

Jedwali la Royal Society of Chemistry ya Uingereza ni la kusoma. Kila elementi ina ukurasa wenye sura yake, matumizi, historia, na hata hatari ya kukatika kwa upatikanaji wake duniani. Mwanafunzi mwenye kazi ya kuandika kurasa mbili kuhusu titaniamu aanzie hapa. Udhaifu wake ni kwamba ukurasa ni mrefu. Kwa kutafuta namba moja utazama kwanza kwenye hadithi.

PubChem, ya taasisi za afya za Marekani, ndiyo ya kuhakiki. Kwenye ukurasa wa elementi hukuwekea namba za vyanzo mbalimbali, kila moja na mahali ilikotoka, hivyo unaona tofauti badala ya kufichwa. Pia hukuruhusu kupakua jedwali zima kama faili la CSV, ambalo hufunguka kwenye programu yoyote ya lahajedwali. Mwalimu anayetaka wanafunzi wachore grafu zao wenyewe asihangaike kunakili visanduku kimoja kimoja. Apakue mara moja na kugawa kwa flashi.

NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ni ya watu wa maabara na fizikia, na ina mtego mmoja unaowakamata wengi: nishati ya kung'oa elektroni imeandikwa kwa elektrovolti kwa atomi moja, ilhali kitabu cha shule kinaandika kilojuli kwa moli. Sodiamu NIST ni 5.139, kitabuni ni 496, na mwanafunzi anaamini moja ni makosa. Zidisha ya kwanza kwa 96.485: 5.139 × 96.485 ni 495.8. Namba ni ile ile.

Wikipedia ya Kiswahili ina makala za elementi, nyingi fupi. Ifungue kwa ajili ya majina, namba uzitafute kwingine.

Ukitaka kwa jicho moja:

| Unatafuta | Anzia | Hakikia |
|---|---|---|
| Kundi, mstari, majirani | Karatasi A3 | Si lazima |
| Masi ya hesabu | Faili la IUPAC | PubChem |
| Mwelekeo katika kundi au mstari | Ptable | CSV ya PubChem |
| Matumizi na historia | Royal Society of Chemistry | PubChem |
| Nishati ya kung'oa elektroni | Kitabu au Ptable | NIST, ukibadilisha kipimo |
| Bila mtandao | Programu iliyopita majaribio | Karatasi |

Masi ipi, na desimali ngapi

Klorini ni 35.5 kitabuni, 35.45 kwenye faili la IUPAC, na mahali pengine utaikuta kama masafa, 35.446 hadi 35.457. Masafa yapo kwa sababu klorini ina isotopu (atomi za elementi moja zenye masi tofauti) mbili thabiti, 35 na 37, na uwiano wake hubadilika kidogo kulingana na mahali sampuli ilipotoka. Risasi ndiyo inayoyumba zaidi: 207.2 na shaka ya 1.1 juu au chini, kwa kuwa sehemu ya risasi ya ardhini huzaliwa kutokana na kuoza kwa urani na thori, na kila mwamba una kiasi chake.

Je, inabadilisha jibu lako? Chukua mfano wa karibu, mchanga wa Kwale uliochimbwa kwa zaidi ya miaka 10 hadi Desemba 2024 na kupakiwa melini Likoni. Moja ya madini yake ni ilmenaiti, FeTiO₃. Kwa masi za shule (56, 48 na 16) jumla ni 152, na titaniamu ni 48 kwa 152, yaani asilimia 31.58. Kwa masi kamili (55.845, 47.867 na 15.999) jumla ni 151.709, na titaniamu inakuwa asilimia 31.55. Tofauti ni sehemu tatu za mia za asilimia moja. Mizani ya shule haiwezi kuiona. Desimali za ziada zina maana pale tu mizani yako nayo inazo. Ona pia kwamba jina "ilmenaiti" hutalipata kwenye jedwali lolote la elementi. Jedwali halijui madini, aloi wala chumvi. Lazima uwe na fomula kwanza, ndipo jedwali likufae.

Mabano ya mraba nayo yana maana. Teknetiamu utaikuta [97] kwenye jedwali moja na [98] kwenye jingine. Hiyo si masi ya wastani. Ni namba ya isotopu moja iliyochaguliwa, maana elementi hiyo haina isotopu thabiti. Usiitie kwenye hesabu kana kwamba ni sawa na 35.45 ya klorini.

Ukitafuta kwa Kiswahili

Majina ya mtaani ni mitego mizuri. Mtu anatafuta "bati" kwa kuwa paa lake la Kisauni limeota kutu, anafika kwenye Sn, namba 50, anasoma kuwa ni metali isiyoshika kutu, anabaki na mshangao. Bati la paa ni chuma, Fe, kilichopakwa zinki, Zn, au mchanganyiko wa aluminiamu na zinki. Sn ndiyo inayopakwa ndani ya makopo ya chakula. "Shaba" yaweza kuwa Cu tupu au aloi ya shaba na zinki, ile ya njano ya vitasa vya milango. Ya pili haina kisanduku. "Kiberiti" ni S, namba 16, lakini pia ni cha kuwashia. "Risasi" ni Pb, na pia ni ya bunduki. Njia salama ni kutafuta kwa alama au kwa namba ya atomi, kwani hizo hazina lahaja.

Na alama zenyewe kumi na moja hazifanani na majina ya Kiingereza, kwa kuwa zimetoka Kilatini au Kijerumani: Na, K, Fe, Cu, Ag, Sn, Sb, W, Au, Hg, Pb. Kosa la kila mwaka ni kuandika P kwa potasiamu. P ni fosforasi. Potasiamu ni K.

Tukiwa bado kwenye paa: kwa nini zinki hulinda chuma kilichokwaruzwa na bati halisi halilindi? Jibu halimo kwenye kisanduku cha jedwali lolote kati ya haya. Limo kwenye jedwali jingine, la potensheli za elektrodi, yaani volti zinazoonyesha metali ipi huliwa upesi: zinki −0.76 V, chuma −0.44 V, stani (ndiyo bati halisi, Sn) −0.14 V. Zinki iko chini ya chuma, kwa hiyo inaliwa kwanza na chuma kinapona. Stani iko juu, hivyo mkwaruzo ukifika kwenye chuma, chuma ndicho kinacholiwa, na hewa ya chumvi ya Pwani huharakisha kazi. Anayetafuta sifa za kutu, basi, asipoteze bando kwenye jedwali la elementi.

Nani achukue nini

Mwanafunzi wa sekondari: A3 iliyopigwa laminesheni na karatasi kadhaa za visanduku vitupu vya elementi 20 za kwanza, azijaze kwa kichwa mpaka zitoke bila kuchungulia. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, haimpi jedwali lililojazwa, na mara nyingi humpa elementi kwa herufi za bandia zisizo alama halisi, akisoma nafasi kutoka kwenye usanifu wa elektroni. Programu ya simu haimsaidii hapo, na shule nyingi haziruhusu simu.

Mwalimu: A1 ukutani, CSV ya PubChem kwenye flashi, Ptable siku ambayo projekta na mtandao vimekubali.

Mwanafunzi wa chuo au fundi wa maabara: IUPAC kwa masi, PubChem kwa sifa, NIST kwa nishati. Kwenye daftari aandike namba pamoja na kipimo na joto lake. Densiti ya stani bila neno "nyeupe" (7.3) au "ya kijivu" (5.8) haina thamani.

Sonara au mnunuzi wa vyuma chakavu anayepima densiti kwa kuzamisha kwenye maji anahitaji karatasi ndogo tu ya namba saba: dhahabu 19.3, risasi 11.34, fedha 10.49, shaba 8.96, chuma 7.87, zinki 7.14, aluminiamu 2.70. Bangili ya gramu 31.5 iliyosukuma maji sentimita 3.0 za ujazo ina densiti 10.5, inalingana na fedha. Lakini fedha ya 925 ina shaba asilimia 7.5 na hushuka hadi karibu 10.4, na kosa la sentimita 0.1 ya ujazo kwenye kusoma maji linatosha kuzichanganya hizo mbili. Kwa kipande kidogo hivyo, tatizo liko kwenye kusoma maji: aning'inize bangili kwa uzi ndani ya maji chini ya mizani ya sehemu za mia za gramu, asome gramu zilizopungua, na agawe uzito wa hewani kwa hizo.